Kicheche wa Didia Hakuacha Hata Unyoya

Mnyama aliyekuwa anamaliza kuku wetu alikuwa na adabu sana. Anakula, halafu anafagia.

Nisikilizeni kwanza, ndipo mcheke.

Mwaka 1979 mimi Paskazia nilikuwa mke mbichi pale kijijini Didia. Mume wangu, Mabula, alinioa, fungate haijapoa akakimbilia Bulyanhulu kuchimba dhahabu. Nikaachwa na wakwe zangu wawili na kundi la kuku.

Kuku walikuwa wa baba mkwe, Mzee Nkwabi. Aliwapenda kuliko watu, na hilo hakulificha. Akanikabidhi mimi niwalinde.

Na muelewe jambo moja. Kwa wazee wetu wa Kisukuma, mwanamke kula kuku ilikuwa mwiko. Sisi tunafuga, tunapika, tunapakua. Wanaume na wageni ndio wanakula.

Basi kuku wakaanza kupotea. Leo tetea, keshokutwa jogoo.

Nikazungushia banda miiba. Vifaranga nikawafunika kwa tenga. Nikatundika kunguru mfu kwenye mti ili mwewe aogope. Wapi! Kuku wanapungua tu, na hakuna damu wala unyoya.

Baba mkwe akanuna. Akaanza kuwaambia majirani kwamba kazi yangu ni kulala mchana. Mama mkwe, Mama Mabula, ndiye aliyenitetea, akisema kicheche wa mwaka ule ni mjanja mno.

Alipopotea tetea mweusi aliyekuwa akilalia mayai, mzee akatoa hukumu. Akipotea mwingine tu, narudi kwetu, na baba yangu arudishe ng'ombe wa mahari.

Ng'ombe wenyewe kaka yangu alishaolea. Niliogopa kweli.

Kesho yake mimi na mzee tukaenda shamba la pamba. Mama mkwe akabaki, goti linamuuma. Goti lile liliuma sana msimu ule.

Jembe langu likachomoka mpini, nikarudi nyumbani kuchukua jingine. Nikanusa moshi wa nyama nyuma ya ghala la mtama. Nikaokota rungu, nikanyata, nikazunguka.

Mama mkwe huyo hapo kwenye kigoda, goti zima kabisa, anang'ata paja. Pembeni kuna kashimo kamejaa manyoya, kanangoja kufukiwa.

Tukatazamana. Aibu ikanishika mimi, utadhani mwizi ndiye mimi.

"Shikamoo mama," nikasema, rungu bado mkononi.

"Marahaba. Weka rungu chini, ukae."

Nikakaa. Nikamwambia huku nalia kwamba jioni hiyo nafukuzwa kwa ajili ya tumbo lake. Akamaliza kutafuna kwanza.

"Mimi nilifundishwa na mama mkwe wangu," akasema. "Hapahapa."

Akanikatia bawa.

Jamani, nilikula. Ndipo nikaelewa kwa nini wanaume waliuweka ule mwiko.

Jioni mzee akakagua banda, akaniita, akaniambia nifunge mizigo.

Mama Mabula akasimama katikati yetu. Akasema kicheche kamwona kwa macho yake, jike, tena zee, na kwamba mimi ndiye niliyemtoa mbio kwa rungu.

"Huyu akiondoka," akamalizia, "na mimi naondoka naye."

Mzee akamtazama. Akanitazama mimi. Akamrudia mkewe, akamkazia macho.

"Paskazia atabaki," akasema. "Na wewe Mama Mabula, futa mdomo. Unang'aa mafuta."

Tangu siku ile, kila alipochinja kuku, mzee alisahau paja moja chunguni. Baadaye akawa anasahau na bawa. Kuku hawakupotea tena.

Kwa hiyo ndugu yangu mfugaji, ukiona umeweka miiba na kuku bado wanapungua, acha kumsaka kicheche porini. Uliza kwanza ni nani hapo kwako anapika kila siku bila kuonja.