Petroli Kwenye Mchanga wa Dagaa

Kosa nitakaloliweka wazi hapa ni ufujaji unaojiita heshima, na mwenye kosa ni mimi. Kwa miaka mingi niliwakemea wengine kwa kuchafua nchi. Nililisema darasani, nikalisoma katika vitabu vizito kuhusu misitu na maji. Kisha kila Desemba nilijaza tangi la gari kubwa mjini Dodoma, nikaliendesha hadi Kigoma, huku treni ya kwenda huko huko ikiondoka bila mimi. Niliamini kwamba mwanamume anayewafikia wakwe zake akishuka kwenye behewa na vikapu amejishusha cheo.

Mwaka ninaoukumbuka, hata gari halikunitosha. Mama mkwe wangu anaishi Kagunga, kijiji cha wavuvi karibu na mpaka wa Burundi, na watu wa Kigoma hufika huko kwa boti za mbao za abiria. Mimi nilikodi boti ya kasi kwa ajili yetu peke yetu: mke wangu, watoto wawili, mimi, na katoni za maji ya chupa. Tulikata maji matamu ya Tanganyika tukiwa tumebeba maji ya dukani, wala sikuona kichekesho chake.

Mama mkwe huanika dagaa. Wavuvi wakirudi asubuhi, yeye na wenzake hutandaza dagaa kwenye mchanga uliofagiliwa. Kila mwanamke ana sehemu yake, na sehemu hiyo haina hati. Ina ridhaa ya majirani tu. Anayeuchafua mchanga huondolewa. Hiyo ndiyo sheria yao yote.

Asubuhi ya pili nilimwagiza mwendesha boti atie mafuta, tukawatembeze watoto. Boti ilikuwa imevutwa nchi kavu kando ya sehemu ya mama mkwe, kwa kuwa mimi ndiye niliyetaka iwe karibu. Dumu likamponyoka. Petroli ilimiminika, ikapita chini ya dagaa wake, ikafika ukingoni mwa sehemu ya jirani.

Hakuna aliyetuambia "mwakeye", salamu ya asubuhi ya Kiha ambayo jana yake tuliisikia kila hatua. Jirani yule alichukua dagaa mmoja, akamnusa.

"Mama wee! Mkwe wako katuletea sikukuu," alisema. "Dagaa hawa wataiva bila jiko. Mtu alete kiberiti tu!"

Wenzake walicheka.

"Lakini dada, sheria unaijua," aliendelea kwa sauti ya chini. "Mwaka juzi wewe ndiye uliyesema yule wa maji ya sabuni aondoke."

"Naijua," alijibu mama mkwe. "Nipeni hadi adhuhuri. Mkikuta harufu, nitaondoka mwenyewe."

Kwa adabu ya ukwe, mama mkwe hanisemeshi ana kwa ana. Hugeuza uso, huvuta khanga, na huzungumza na binti yake ilhali mimi nimesimama hatua mbili tu. Hata saa ile, ambapo mchanga uliomlisha tangu ujane wake ulikuwa unamponyoka kwa sababu yangu, hakuivunja adabu hiyo.

"Mwambie baba watoto," alimwambia mke wangu, "petroli haiondoki kwa pole. Mchanga ulioinywa unachimbwa, unapelekwa mbali na ziwa, unaletwa mwingine."

"Amesikia, mama."

"Siulizi kama amesikia. Nauliza kama ana mikono."

Nilikunja suruali. Tulichimba, yeye kanipa mgongo, mimi nikibeba ndoo hadi kwenye shimo lililo juu kabisa, nyuma ya nyumba. Nimewasoma wengi walioandika kuhusu uadilifu. Pale niliuona ukifanya kazi. Kila tulipomaliza sehemu, alichota mchanga, akaunusa, akasema "bado", tukaanza tena. Dagaa wote aliwafukia, hata wale wa pembeni ambao pua yangu haikuwashuku. Hakulia, wala hakumtupia lawama mwendesha boti.

Adhuhuri wanawake walikuja. Jirani alipiga magoti, akanusa mahali pengi, bila haraka na bila upendeleo.

"Sehemu ni yako, dada," alisema hatimaye. "Ila hilo dude lisilale hapa tena."

"Halitalala," alisema mama mkwe, kisha akamgeukia binti yake. "Boti ile irudi leo, na isirudi tupu. Wako kina mama watatu wanaosubiri usafiri wa hospitali Kigoma. Wapande, na chupa zenu zote tupu zipande. Ninyi mtaondoka na boti ya magunia. Ile inakwenda tu, mkiwemo msiwemo."

"Lakini mama, haiondoki hadi wiki ijayo. Sisi tulipanga siku nne."

"Siku nne! Mnaunguza mafuta yote hayo kuja kunichungulia? Mkija, mkae mpaka niwachoke."

Tulikaa, na hakutuchoka. Watoto walikunywa maji ya ziwa yaliyochemshwa. Tulirudi Kigoma tumekaa juu ya magunia ya dagaa, na gari nililoliacha Ujiji, kando ya Kigoma, ndilo la mwisho nililolipeleka huko. Sasa tunakwenda kwa treni, mara moja kwa mwaka, na tunasubiri boti ya abiria kama watu wengine.

Nilihatarisha mchanga wake, na bado alinirekebisha bila kunitazama usoni. Mkwe hamtaji mkwe mwenzake, hivyo jina lake silitamki. Natumia lile wanalomwita wanangu, kwa sauti kubwa, boti ikikaribia nchi kavu: Bibi wa Kagunga.