Karai ya Waru ya Mama Mbuthia

Wangu, mpishi wa mtaa wa Waithaka, amepikia sherehe za mahari mpaka moshi yenyewe inamjua kwa jina. Miaka tisa iliyopita, huko Spring Valley kwa tajiri fulani, mbuzi walikataa kuiva. Wageni wakaanza kuangaliana. Wangu akatoka jikoni na karai ya waru, yaani viazi vibichi, akamwekea kijana mwenye kuoa.

"Menya kwanza. Ndiyo desturi."

Uongo mtupu! Lakini watu walicheka, simu zikarekodi, mbuzi wakaiva.

Kidogo kidogo watu wa mtaa wa Jamhuri wakaiga. Dagoretti wakaongeza aproni. Wengine wakasema lazima upige magoti. Wangu akashangaa, mpaka mpangaji wake Ndambuki, mwenye anasomea mambo ya tamaduni chuoni, akamfafanulia.

"Mama, watu hawaangalii kama kitu ina maana. Wanaangalia nani ameifanya. Na wakiiga, kila mtu anaongeza chumvi yake. Yenye inapendeza inabaki, ingine inakufa."

"Na ya uongo je?"

"Hiyo ikizeeka inaitwa desturi."

Jumamosi iliyopita ikawa zamu ya kijana ya Wangu, Mbuthia, kupeleka mahari kwa kina Anita, mchumba wake, huko Jamhuri. Shangazi ya Anita, Waithera, akaleta karai imejaa pomoni.

"Amalize zote, ama Anita hatoki kwa chumba."

Sasa, huyo Mbuthia mamake alimlea kama mtoto wa chifu. Kisu hajui inashikwa wapi. Waru ya pili tu, kidole hiyo, damu kwa aproni. Zimebaki kama hamsini.

Wangu akasimama. "Mama, wacha niseme ukweli. Hii kitu nilitunga mimi."

"Wewe, Mama Mbuthia?" Waithera akacheka mpaka akashika mbavu. "Hii ni ya shosho zetu, nyanya za zamani! Ulimtungia shosho yangu?"

Wangu akakumbuka maneno ya Ndambuki. "Basi sawa. Lakini siku hizi Spring Valley, mama ya kijana ndiye anamalizia."

Waithera akatupia majirani jicho.

"Spring Valley?"

"Wote."

"Aah, hiyo hata sisi tunajua," Waithera akasema, na akamletea kiti.

Saa nane Anita akatoka.

Jana Wangu alikuwa anapikia watu wa Waithaka. Kuchungulia nje, akaona mama ya kijana ameinamia karai. Kando yake baba naye amevalishwa aproni, anamenya akilalamika.

Hiyo ya baba, Wangu anaapa si yake.