Nilivyomlilia Dada Yangu Mzima kwa Kura ya Mikopo

Nna aibu mpaka leo, na hasira zaidi, maana walionifedhehesha ni watu wangu wenyewe na biriani waliyokula niliipika mimi.

Dada yangu Zuwena ni mjane, anaishi Amerika kwenye nyumba aliyoinunua kwa mkopo. Ijumaa moja asubuhi alinipigia kunieleza kuwa jimbo lao linataka kupiga kura: wazee wenye mkopo wa nyumba waruhusiwe kuubadilisha kwa mwengine, ambao benki ndiyo inakulipa wewe, unaendelea kukaa kwako, na deni linakatwa nyumba ikija kuuzwa ukishafariki.

"Nnafikiria kuikubali," akasema, "lakini haya yabaki baina yetu."

Mchana ukoo mzima tuko mtaa wa Qurum kwa kaka yetu Salim, wanaume kwenye majlis, chumba cha wageni, wanawake ndani, na mkewe, wifi yangu Rahma, akaniuliza kama Zuwena hajambo. Ningejibu hajambo, yakaisha. Mie nikajitia mjuzi wa mambo ya benki (mie ambaye namba ya siri ya kadi huiuliza kwa mwanangu), nikaeleza yote huku natafuna, kisha nikenda jikoni kutazama kahawa.

Rahma akashika "benki", "nyumba" na "akishafariki", akayapeleka majlis. Narudi na dele la kahawa, wanawake wanalia, shangazi kanikumbatia: "Pole mwanangu, tumeshasikia." Nikajua kuna aliyekufa. Nani, sikuuliza (utauliza vipi umeshakumbatiwa?), nikalia, wallahi nikawashinda wote, kahawa yote ikamwagika kwenye zulia.

Salim akaingia, anapiga simu Amerika kuulizia maziko, sauti kaifungulia wote tusikie. Akapokea Zuwena mwenyewe, na usingizi wake, Salim akamuuliza maziko lini.

"Nani kafa?"

"Wewe," akajibu shangazi.

Ungedhani watashukuru. Wakamgeukia Zuwena: uza nyumba, rudi nyumbani, hiyo ni riba, wewe mwanamke peke yako. Watu ambao tangu afiwe na mumewe hawajamuuliza hata paa lake kama linavuja.

Zuwena akawasikiliza, kisha akasema taratibu, "Nilimweleza mtu mmoja tu." Akakata.

Rahma hakuniomba radhi. Alinipigia kuuliza zulia nitalipeleka lini kufuliwa. Na Zuwena kura alipiga. Kakubali au kakataa, hajaniambia, wala sithubutu kumuuliza. Siku atakayonieleza tena jambo lake, inshallah, nitalinyamazia hata waniite bubu.