Mirija Iliyolalia Upande wa Pili

Shangazi yangu alikuwa fundi wa kuunda vifaa vya kufundishia katika chuo cha sayansi. Kitu ambacho jicho halikioni, yeye alikuundia ukakikumbatia. Nyumbani tulimwita Mama Mirija, na mirija hiyo ndiyo iliyomtenganisha na shoga yake. Sogeeni niwaeleze.

Kwenye koo la hewa mna vinyweleo vidogo mno vinavyofagia vumbi tunalovuta. Kila kinyweleo kina shina lake ndani ya seli, na shina hilo ni duara la mirija: mafungu tisa, kila fungu mirija mitatu. Mrija wa kwanza ni mzima. Wa pili umeazima ukuta wa kwanza, wa tatu ukaazima wa pili, kama vyumba vya kupanga. Mafungu yote yamelala upande mmoja, mithili ya mapanga ya feni.

Walimu walitaka waundiwe shina hilo pamoja na mwanzo wa kinyweleo chake, refu kama mtoto anayeanza kutembea. Wakati huo mkuu wa karakana alikuwa anastaafu, na wa kumrithi alikuwa ama shangazi, ama shoga yake aliyekaa naye meza moja tangu usichana.

Karakana ile ilikuwa na desturi. Humwagi gundi ya mwisho kabla mwenzako hajaikagua kazi yako; ukaguzi huo waliuita kunusa. Maana gundi ile ikikauka, hubandui kitu ila kwa nyundo.

Shangazi aliunda kwa kufuata picha ya darubini. Hakugundua kwamba picha ilipigwa kutoka juu, kinyweleo kinakochomozea, naye akaipanga mirija kana kwamba anatazama kutoka chini. Feni ukiitazama kwa nyuma, mapanga yanalalia upande mwingine. Ndivyo ilivyotokea.

"Shoga, njoo uninusie."

Shoga akazunguka, akainama, akachungulia kwa chini, akakawia huko. "Mwenzangu, hii hata ukiitia puani itafagia. Mwaga gundi."

Wakacheka. Akamwaga.

Siku ya kuonyesha, walimu hawajasema neno, shoga akasogea mbele kwa sauti laini. "Naomba radhi kwa niaba ya karakana. Mafungu yamelalia siko. Niliona aliponionyesha, ila sikutaka kumvunja moyo."

Shangazi akamgeukia. "Uliona?"

"Dada, hapa si mahali pake."

"Uliona, ukaniambia nimwage?"

"Ningekuambiaje, na wewe hupendi kukosolewa?"

"Mimi? Si nilikuita mwenyewe?"

Shoga ndiye aliyekabidhiwa karakana. Cheo shangazi alikisahau mapema. Alichoshindwa kumeza ni ule utani wa puani: mtu anakuzamisha, na bado anapata nafasi ya kukuchekesha.

Shina likavunjwa, na shoga akaliunda upya. Alipomaliza, akalileta mezani kama zamani. "Ninusie, dada."

Shangazi akalipekua taratibu, kwa haki. "Huu mrija wa tatu umeupandisha mpaka ndani ya kinyweleo. Unatakiwa uishie huku chini. Juu inabaki miwili miwili. Rekebisha."

Shoga akashusha pumzi. "Asante. Nilijua huwezi kuniangusha."

"Kuna watoto wa watu watasomea hicho kifaa," shangazi akasema.

Kisha akakusanya msasa, koleo na kikombe chake cha chai, akahamia meza ya kule kwenye sinki. Alifanyia kazi hapo mpaka alipostaafu, na kazi zake alizipeleka kwa walimu zikaguliwe, gundi ikiwa bado kwenye kopo.