Vipira vya Supape Havichaguliwi kwa Meno

Hadi leo nikipita mbele ya lile duka la vipuri pale Kamembe, hasira hunipanda upya. Mwenye duka bado anauza vile vipira vyeusi, na watu bado wanaviuma.

Wakati huo nilikuwa kibarua katika gereji moja upande wa Gihundwe. Nilikuwa nimeshapakia mchanga, nimeendesha pikipiki ya mtu, nimeuza kadi za simu Bukavu, ng'ambo ya mpaka. Kila mahali nilikaa mpaka nilipoelewa jinsi kitu kinavyofanya kazi, kisha nikahama. Shule niliiacha mapema. Maswali sikuyaacha.

Maman mmoja, mfanyabiashara mzaliwa wa Bukavu, alituletea gari lake dogo. Alilitumia kuchukua kabichi kwa wakulima wa Nkungu na kuzifikisha mpakani, ambako wenzake walizivusha kichwani. Kila asubuhi gari likiwashwa lilitoa moshi wa buluu, likishatembea kidogo moshi unapungua. Wapima magari, wale wanaokagua kama gari linafaa barabarani, walikuwa wameshalikataa mara moja kwa moshi huo. Jumatatu lilitakiwa kurudi kwao. Wenzake walishamwambia wazi: likikataliwa tena, watatafuta gari la mtu mwingine.

Moshi wa namna hiyo mara nyingi una chanzo kimoja. Juu ya injini kuna supape, zile fimbo za chuma zinazofungua na kufunga njia ya hewa. Kila moja imevishwa kipira kidogo shingoni, mfano wa kofia, cha kuzuia oili isichuruzike chini gari likiwa limelala. Kipira kikichoka, oili inateremka usiku, asubuhi inaungua. Fundi wetu mkubwa alikishusha kichwa cha injini mezani, akavitoa vipira vya zamani vikiwa vikavu kama maharagwe ya mwaka jana. Hapo alikuwa sahihi kabisa, na nasema hivyo ili nisimwonee.

Tulikwenda dukani yeye na mimi. Mwenye duka akamwaga aina mbili juu ya meza. Vya kwanza vilikuwa vyeusi, laini, vinang'aa. Vya pili vilikuwa vya rangi ya kahawia na vikaidi kidogo mkononi. Fundi akachukua cheusi, akakitia mdomoni, akakiuma.

Kwetu ndivyo pira inavyochaguliwa. Pira ya breki, ya pampu, hata ya jiko la gesi: unauma, ukiona alama ya jino imezama na kurudi, unalipa. Nimewaona watu wazima, wenye diploma ukutani, wakitafuna vipuri kama muwa.

"Hii iko muzuri," fundi alisema. "Ona vile inarudi."

"Na ile ingine?" niliuliza.

Akaiuma ya kahawia, akakunja uso. "Hii iko ngozi ya kiatu."

"Batu bote banapenda ile nyeusi, mzee," mwenye duka alisema. "Ya kahawia inalala tu hapa."

"Lakini mzee, kinywa hakina moto," nilisema. "Mule ndani ya moteri oili inachemka. Ile nyeusi itabaki laini?"

Fundi akanigeukia polepole. "Weye uliachia shule ya primaire, leo uko enjeniya?"

"Mwache, mzee," mwenye duka akacheka. "Huyu hata kwa muganga atauliza dawa inapikwaje."

"Ndiyo, nitauliza," nilijibu. "Kwani tumbo ni la nani?"

Walicheka mpaka wateja wa nje wakachungulia. Mwenye duka akanirushia kimoja cheusi na kimoja cha kahawia kutoka kwenye pakiti zilizopasuka. "Chukua, ukapike mboga." Fundi akalipia vyeusi, tukarudi gereji.

Nilipika kweli. Hasira ilinisukuma, nisiseme ni akili. Nilimimina oili ya injini kwenye kopo la maziwa, nikaliweka juu ya makaa nyuma ya gereji, nikavitumbukiza vyote viwili. Maman alikuwa ameketi juu ya tairi kuukuu akisubiri gari lake.

"Unapika nini, mwanangu?"

"Moteri yako, Maman."

Akacheka, lakini akaisogeza tairi karibu. Nilimweleza yote, meno na kicheko. Tukakaa hapo saa nzima na zaidi, tukivumilia harufu. Nilipovitoa na kuviacha vipoe, cha kahawia kilikuwa vilevile. Cheusi kilikuwa kigumu, ukingo umepasuka.

Tuliporudi ndani, Maman akiwa amevishika vile viwili kiganjani, fundi alikuwa tayari amevivisha vyeusi vyote. Kichwa cha injini kilikuwa bado mezani. Alitazama kiganja cha Maman akasema, "Moteri haiko kopo, Maman."

"Uma, Papa," Maman alisema, akimnyooshea cheusi.

"Niume nini?"

"Dukani uliuma. Na hapa uma."

Mafundi wengine waliacha kugonga. Mzee akakiuma kile cheusi, akakitoa haraka, akashika taya.

"Oili yake ilikuwa moto sana," alisema.

Labda. Sikuwa na kipimo cha joto. Lakini vyote viwili vilikuwa kopo moja, nikamwambia hivyo, na sauti yangu ilikuwa juu kuliko adabu inavyoruhusu kwa mtu wa umri wake.

"Weka ya kahawia," Maman alisema. "Jumatatu wakikatala, kosa iko yangu. Sitakuuliza kitu."

Fundi aliving'oa vyeusi kimoja kimoja, bila kuniangalia. Nilikwenda dukani peke yangu, nikanunua vya kahawia. Mwenye duka hakuuliza kwa nini. Nikamwambia jinsi cheusi kilivyopasuka kwenye moto. Akainua mabega: "Batu banaomba laini, nami nauza laini." Ndicho hasa kinachonichoma. Aliyasema kama mtu anayezungumzia mvua.

Jumatatu Maman aliondoka asubuhi na mapema kwenda kwa wapima magari. Adhuhuri ikapita. Saa tisa fundi akafuta mikono na kuniambia, mbele ya wote, "Wamelikatala. Sasa utamwambia nini?" Yeye alikuwa na gereji, mimi nilikuwa na kopo tu.

Kisha tukasikia honi. Gari dogo lilikuwa likiteremka kuelekea mpakani, kabichi zimejaa mpaka dirishani, karatasi ya wapima magari imebandikwa kiooni. Maman hakusimama. Alikuwa ameshachelewa kwa wenzake. Nilitoka barabarani nikalitazama bomba lake la moshi mpaka kona, na sikuona kitu.

Nyuma yangu fundi alikuwa akimwambia mteja mpya, "Ile moteri? Nilifanya mimi."