Balozi Aliyemshitaki Mtani Wake

Ukimsalimu Sufiani asubuhi atakujibu vizuri tu, kisha atakwenda hatua kumi akijiuliza kwa nini leo umemsalimu kwa furaha kiasi kile. Ndivyo alivyoumbwa. Alikuwa fundi wa matenga ya nyanya katika kijiji kimoja cha milimani, juu ya Mlali, na tenga lake lilifika Dar es Salaam bila kulegea hata ufito mmoja. Lakini hata mteja aliyemsifu, Sufiani alimtupia jicho la pembeni mpaka alipopotea kwenye kona.

Kazi yake ya pili, ambayo mwenyewe aliihesabu ya kwanza, ilikuwa ubalozi wa nyumba kumi wa chama. Ugomvi wa mbuzi ulipita kwake, mgeni wa kulala alipita kwake, na barua ya kwenda ofisi ya kata haikwenda bila yeye kujua. Watu walimheshimu. Na yeye, badala ya kufurahia heshima, aliilinda kama mtu anayelinda shamba la mahindi dhidi ya nyani.

Tusimlaumu sana, maana alikuwa na sababu. Sufiani alikuwa mtu wa kuja. Alitoka Kisaki akiwa kijana, akiuza samaki wakavu, akamwona Nasra, akaoa, akabaki. Sasa huko milimani ardhi ni ya akina mama. Shamba hutoka kwa mama kwenda kwa binti, mjomba akilisimamia, na mwanamume aliyeoa hulima kwa mkewe. Siku akikorofishana na ukoo, huondoka na nguo zake na jembe lake, kama jembe ni lake. Mianzi aliyokata Sufiani kwa matenga yake ilikuwa ya ukoo wa Nasra. Nyumba ilisimama kwenye kiwanja cha ukoo wa Nasra. Miaka ishirini na miwili alikuwa amelala juu ya ardhi ya watu, na aliijua hesabu hiyo kuliko mtu yeyote.

Kilichompa kifua ni Mheshimiwa Severini. Mwaka wa themanini, Severini alipogombea ubunge mara ya kwanza, mvua ilimzuia kijijini akalala kwa Sufiani, akala ugali wake kwa kisamvu. Tangu hapo, kila alipofika, kabla hajakaa aliuliza, "Sufiani yuko wapi?" Maneno hayo matatu ndiyo yaliyokuwa hati yake ya kukaa. Hakuna mjomba ambaye angemwambia mtu anayeulizwa na mbunge kwamba afunge virago.

Basi ikaja tisini na tano, mwaka wa vyama vingi, na ndani ya chama chenyewe kukawa na kura za maoni za kumpata mgombea. Kwa mara ya kwanza Severini akapata mpinzani wa kweli: Geofrey, kijana wa mjini Morogoro mwenye malori mawili. Tangu biashara iachiwe huria, malori yale ndiyo yaliyopanda mpaka juu kuchukua nyanya na kabichi. Wazazi wake walikuja mjini kufanya kazi kiwandani, hakuwa na kaburi hata moja milimani. Nani angempa kura? Ndivyo walivyosema wote.

Sufiani hakuridhika. Kila alipoona sabuni mpya juu ya jiwe la kufulia alijiuliza imetoka kwenye lori gani. Wajumbe wenye kura kutoka kijijini na vitongoji vyake walikuwa kumi na wawili, yeye mmoja wao, na Nasra mwingine, kwa upande wa akina mama. Wale kumi aliwachunguza mmoja mmoja. Athanas, mwalimu mstaafu, alionekana akipanda lori la Geofrey. Kwamba lori lilikuwa gari pekee lililoshuka siku hiyo, na Athanas alikuwa anaumwa jino, halikumtuliza. Kikulacho ki nguoni mwako, alijisemea, na akaongeza macho.

Mwezi wa sita mama yake Nasra akafariki.

Msiba ulikuwa mkubwa, kwani bibi yule alikuwa mkuu wa ukoo. Severini alikuja na gari lake, amefunga kitambaa cheusi mkononi. Wanaume walipokuwa wamerudi kutoka kuzika na watu wamekaa uwanjani, akatokea Asia.

Asia alikuwa mtani wa ukoo ule, mwanamke wa miaka sitini na kitu, mwembamba, mwenye sauti ya kuvuka bonde. Yeye na marehemu walitukanana miaka arobaini bila kukosa siku, na msiba wa namna hiyo hauishi bila mtani kufanya kazi yake. Alikuwa amevaa koti la mwanamume, amejaza mto tumboni, na machoni ameweka miwani aliyoikunja kwa ufito wa mwanzi. Akasimama katikati ya waombolezaji, akakohoa kikubwa.

"Ndugu wananchi," akasema, "maji niliyowaahidi yako njiani. Yametoka mjini mwaka wa themanini. Yamefika Mzumbe, yamepumzika kidogo. Si mnajua yanapanda mlima?"

Uwanja ukalipuka kwa kicheko. Waliokuwa wanalia walicheka na machozi yao. Asia akajipapasa mto. "Na barabara nayo inakuja. Nimeila nusu tu."

Sufiani alimtazama Severini. Mheshimiwa alikuwa na tabasamu ambalo halijakaa sawa, na mkono wake ulikuwa umezama mfukoni. Anatafuta kitambaa, aliwaza Sufiani, aibu imemtoa jasho. Mara akili yake ikaunganisha mambo kwa kasi ya ajabu: Asia hana koti, koti kalipata wapi? Geofrey huvaa makoti. Asia huuza kabichi kwa nani? Kwa Geofrey. Amelipwa.

Akainuka. Mbele ya watu wote, kwenye msiba wa mama mkwe wake, akamshika Asia mkono, akamtoa uwanjani mpaka nje ya ua wa michongoma. "Mnadhalilisha kiongozi," akasema. "Nani amekutuma?"

Severini akatoa mkono mtupu mfukoni, akatazama saa, akaaga.

Lingeishia hapo, pengine watu wangesema ni uchungu wa msiba. Lakini Sufiani kesho yake aliandika barua kwa ofisi ya chama. Asia akaitwa, akakalishwa kwenye benchi kutwa nzima, akasomewa karatasi inayosema hatarudia kukashifu viongozi, akatia dole gumba. Wazee wa milimani wameona mengi, njaa na vita, lakini mtu kumshitaki mtani kwa utani wa msibani walikuwa hawajaona. Hata mwizi wa kuku ana mahali pa kumweka. Huyu hawakujua wamweke wapi.

Tangu siku hiyo kijiji kikawa na adabu. Watu wakampisha Sufiani njiani. Watani wa ukoo, waliozoea kumwita "samaki mkavu" kwa ajili ya biashara yake ya zamani, sasa walimwita balozi, tena mheshimiwa balozi. Kwenye vikao hakuna aliyenung'unikia maji wala barabara. Sufiani, aliyeshuku salamu na sabuni na jino la mtu, jambo hili moja hakulishuku. Kimya kingi kina mshindo mkuu, hilo analijua hata mtoto, lakini masikio ya Sufiani yalikuwa yamezoea kutafuta minong'ono, na minong'ono haikuwepo. Akampelekea Severini ujumbe: watu wako wametulia.

Mtu mmoja tu alimtia wasiwasi, naye alilala naye kitanda kimoja. Nasra hakumgombeza kwa yale ya msibani. Alipika, alifua, aliitika. Siku moja Sufiani akapekua sanduku la mkewe akakuta khanga mpya, doti nzima, haijafunguliwa. Akatoka nayo mpaka jikoni.

"Mama Pazi, hii imetoka wapi?"

"Dukani."

"Kwa hela ya nani?"

"Ya kabichi zangu. Ni ya arobaini ya mama." Akaichukua, akaikunja upya, akairudisha sandukuni. "Una lingine, baba Pazi?"

"Sina," akasema. Lakini hakuamini.

Siku ya kura walishuka Morogoro kwa lori lililokodiwa na Severini. Akina mama waliimba nyimbo za chama ubeti kwa ubeti, na kila mmoja alishuka kwa utaratibu. Ukumbini Severini alizungumza vizuri. Geofrey alijikwaa, akasahau jina la tarafa. Sufiani akapumua. Kisha masanduku yakafunguliwa, na ilipofika saa kumi jioni msimamizi akasoma: Geofrey, kura mia moja na sitini. Severini, mia moja hamsini na moja.

Severini alitoka kwa mlango wa pembeni. Sufiani akamkimbilia. Mheshimiwa alisimama, mkono kwenye mlango wa gari, akamtazama kama anayejaribu kukumbuka mahali.

"Uliniambia wametulia," akasema. Akapanda, gari likaondoka.

Kura zilikuwa zimechanganywa, za kata zote, hivyo hakuna aliyeweza kujua nani kampa nani. Kwa mtu kama Sufiani hayo yalikuwa mateso. Usiku na mchana alipanga majina upya: Athanas na jino lake, nani na sabuni yake. Lazima kulikuwa na kikao. Lazima kulikuwa na kiongozi wa kikao. Hatimaye, siku ya tatu, wakimenya ndizi jikoni, akamuuliza mkewe moja kwa moja.

"Nasra, nani aliwapanga?"

Alimwita kwa jina, jambo ambalo halikuwa kawaida. Nasra akaweka kisu chini.

"Hakuna aliyempanga mtu."

"Watu kumi na mmoja hawawezi kugeuka bila kupangwa."

"Sijui waliogeuka. Najua mimi sikumpa." Alisema bila kupandisha sauti. "Mama yangu alimaliza msiba wake bila mtani. Nilikwenda na kura yangu, nikaikumbuka ile siku, nikaandika Geofrey. Wengine sijawauliza, na wao hawajaniuliza. Wewe ndiye pekee unayeuliza."

Sufiani alitaka kukasirika, akatafuta hasira, hakuipata. Kilichokuja ni hofu. Siku hiyo hiyo mjomba wa Nasra alikuwa amepita akisema, kwa heshima zote, kwamba kichaka cha mianzi sasa angependa kukigawa kwa mabinti wa ukoo. Tena alimwomba Sufiani radhi kwa usumbufu.

Kesho yake akapanda kwa Asia.

Alimkuta anachambua maharage barazani. Zamani, ukimwamkia Asia, hakukupa marahaba mpaka akuulize kama umeoga. Sufiani akasema, "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mheshimiwa balozi. Kiti hicho hapo."

Akakaa. Akaomba radhi. Alikuwa amepanga maneno njiani, na mengi yakapotea, lakini lililobaki lilikuwa la kweli: alikosea. Kisha, maana aliyeumbwa hivyo hawezi kujizuia, akauliza, "Lakini mama, niambie tu nijue. Koti lile ulipewa na nani?"

Asia akatupa harage bovu uani. "Lilikuwa la marehemu mume wangu."

Akatikisa ungo mara mbili.

"Nikwambie ulichofanya, balozi, kwa sababu naona hujui. Watu walikuwa na uchungu na Severini. Miaka kumi na tano tunachota mtoni. Uchungu huo ulikuwa unawakaa kooni, na kila mtu aliona haya kumwambia, maana ni mtoto wa milimani huyu, tumemlea. Mimi ndiyo kazi yangu. Namtukana mbele yao wote, wanacheka mpaka wanachoka, halafu yeye ananipa haki yangu ya mtani, hata shilingi kumi, halafu namshika mkono namkalisha mkekani na wafiwa. Basi. Mtu akishachekwa hivyo, amesamehewa. Nani tena angebaki na la kusema?"

"Lakini alikuwa anatafuta kitambaa. Mkono ulikuwa mfukoni, jasho..."

"Alikuwa anatoa pesa yangu, balozi. Severini ni mtu wa huku, anajua. Ulipokuja wewe kunikokota, akaona afadhali, akaiacha pesa hukohuko. Hilo ni lake. Lakini ungenipa dakika mbili tu, mtu wako angepita."

Sufiani alihesabu moyoni: dakika mbili. Hakukuwa na kikao. Hakukuwa na lori, wala sabuni, wala jino. Alikuwa amemtafuta mwenye kumwangusha Severini nyumba kwa nyumba, akasahau kuingia ya kwake. Aibu ilimpanda mpaka masikioni, na chini ya aibu hiyo akajua anachotaka kuliko mianzi na kuliko ubalozi.

"Basi nitukane mimi," akasema. "Niite samaki mkavu. Nimekuja unitukane, mama."

Asia alimtazama. Kwa kitambo ilikuwa kama mdomo wake unataka kupinda, kama zamani. Kisha akashusha macho kwenye ungo.

"Wewe nikikutukana utaandika," akasema.

"Siandiki tena. Wallahi."

"Inawezekana. Ila dole langu liko kwenye ile karatasi, na karatasi iko ofisini." Akainuka, akaenda ndani, akarudi na kikombe cha chai yenye sukari nyingi na sahani ya viazi, akaviweka mbele yake kwa mikono miwili. Alimsubiri ale. Hakumharakisha wala hakumcheka alipoungua ulimi.

Sufiani alipoaga, Asia akajitanda khanga na kumsindikiza. Alitembea naye kupita migomba, kupita shamba la kabichi, mpaka pale njia inapoanza kushuka, mbali kuliko unavyomsindikiza mtu wa kijijini kwako. Hapo akasimama, akampa mkono.

"Haya, asante kwa kututembelea," akasema kwa upole. "Ukifika kwenu utusalimie."