Kadi Zangu Arobaini

Mimi hufundisha hesabu Kitale, na Jumamosi huwa nacheza kadi za mazimwi. Sheria ni rahisi: kila mchezaji huja na rundo lake, kadi arobaini hadi sitini, na ukikosa kadi ya kuokota humo, umeshindwa. Basi nikabuni rundo la kadi arobaini lisilo na zimwi hata moja, ila kadi za kutulazimisha wote wawili kuokota mfululizo, hadi mpinzani aishiwe. Nililisifu shuleni hadi mwalimu mkuu akaja mashindanoni Bungoma kunishangilia.

Nikapangiwa nesi mstaafu kutoka Lugulu. Yeye alikuja na kadi sitini.

"Mama, kadi nyingi ni mzigo," nikamshauri kwa huruma.

"Ni sawa tu, mwalimu. Nilishindwa kuacha zingine."

Tukaanza. Kila nilipomwokotesha tatu, nami niliokota tatu, huku nikitabasamu na kumkonyezea mwalimu mkuu. Watu wakasogea karibu. Nikanyoosha mkono kuokota tena, vidole vikagusa meza tupu.

"Zako zimeisha," mama akasema kwa upole. "Si ulikuwa na arobaini, na mimi sitini?"

Wa kwanza kucheka alikuwa mwalimu mkuu.